Mtoto Asiyeitikia Jina Lake

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Baada ya kuyasikiliza, msimamizi wa darasa atayasoma tena kwa sauti, kisha wanafunzi watajibu maswali yaliyo mwisho.)

Natumaini kila mmoja wenu ana daftari na kalamu, na msimamizi yuko karibu na ubao.

Leo tutazungumza juu ya mwalimu wa mtoto mwenye usonji. Tutajiuliza mambo matatu. Mwalimu huyu yampasa ajue nini? Kwa nini asome muda mrefu, hata kufika chuo kikuu? Na sisi wazazi na majirani, kazi yetu ni ipi?

Msimamizi, tafadhali andika ubaoni neno hili: u-so-nji. Usonji. Someni wote pamoja, mara mbili. Vema.

Usonji ni nini? Ni hali ya ubongo kukua kwa namna iliyo tofauti na ya watu wengi. Huanza mapema sana katika maisha ya mtoto, nayo haiambukizi. Mtoto mwenye usonji hupata shida katika kuzungumza na watu na katika kushirikiana nao. Mmoja hasemi kabisa. Mwingine husema sana, lakini huyarudia maneno yale yale aliyoyasikia. Mwingine hupenda kupanga vitu katika mstari, vifuu au makombe au vizibo vya chupa, na ukimvurugia hulia mno. Mwingine huziba masikio kwa kelele ambayo wewe huijali. Wengi hutaka mambo yaende kwa taratibu ile ile kila siku. Wapo wanaopata taabu kubwa katika kujifunza, na wapo wenye akili kali kuliko wenzao wote darasani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 kiasi cha mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sasa shikeni kalamu mfanye hesabu. Kijiji chenye watu 1,000 huenda kikawa na watu wangapi wa namna hii? Gawanyeni 1,000 kwa 127. Jibu ni karibu ya nane. Basi jambo hili haliko mbali nasi. Watu hao tunaishi nao, ila tumewapa majina mengine. Tumewaita bubu, au mkaidi, au zuzu, au mwenye shetani.

Habari za hali hii zilianza kuenea kwa madaktari tangu mwaka 1943. Mwaka huo daktari Leo Kanner, wa mji wa Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza. Lakini kwa miaka mingi baadaye wataalamu wengi walikosea. Walisema kosa ni la mama, ati hakumpenda mwanawe. Mwaka 1964 Bernard Rimland, bwana mmoja wa Marekani aliyesoma elimu ya nafsi na ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba asili ya hali hii imo katika ubongo. Leo wataalamu wanakubali kwamba malezi ya mama hayaleti usonji.

Kwetu pia mama hulaumiwa. Watu husema alipita mahali fulani usiku, au alimwudhi mtu fulani. Ndugu zangu, tuache maneno hayo. Anayetaka kumwombea mtoto dua na amwombee. Dua haimzuii mtu kumpeleka mtoto hospitali, wala haimzuii kumpeleka shule.

Na hapa nawapa onyo moja. Mtoto akiitwa jina lake asiitike, usikimbilie kusema ana usonji. Huenda hasikii. Kwanza apelekwe hospitali masikio yake yapimwe. Mengine yafuate baadaye.

Sasa nitawasimulia kosa langu mwenyewe.

Mimi nimezaliwa Chole. Wasiopajua, Chole ni kisiwa kidogo katika ghuba ya Mafia, baina ya Utende na kisiwa cha Juani. Nilisoma ualimu, nikapangiwa shule moja ya pwani ambayo sitaitaja. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka minane. Mtoto hakuwa akisema. Alikaa kitako vizuri, akapanga vijiti vyake juu ya dawati. Lakini kila kengele ilipogongwa, na kengele yetu ilikuwa chuma cha gurudumu la gari, mtoto yule alipiga kelele, akaziba masikio, akatoka mbio. Nilimrudisha, naye akatoka tena. Siku ya nne nilimchapa. Akauuma mkono wake mwenyewe mpaka ukatoka damu.

Nilimwita mama yake. Nikamwambia, "Bibi, mtoto huyu hafundishiki. Usimlete tena." Mama yule hakubishana nami. Alisema, "Ahsante, Mwalimu." Akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Kila nikipita mji ule humwona gatini. Huyapanga matenga matupu ya wachuuzi wa samaki, makubwa chini na madogo juu, na hakosei hata moja. Hajui kusoma jina lake. Mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Ninyi mlio katika madarasa ya watu wazima mwajua uchungu huo kuliko wengine. Wapo kati yenu walioambiwa walipokuwa wadogo kwamba shule haikuwa yao. Kwa hiyo nadhani mtanielewa nikisema kwamba habari hii hainitoki moyoni.

Je, nilikuwa mtu mkali kwa tabia? Sidhani. Nilikuwa mtu asiyejua. Katika mafunzo yangu ya kwanza ya ualimu tulifundishwa kuandika ubaoni, kutengeneza maandalio ya somo, na kutuliza darasa la watoto wengi. Juu ya watoto wenye mahitaji maalumu nilisikia kidogo tu, na neno usonji sikulisikia hata mara moja. Niliona mtoto anakimbia, nikadhani ni jeuri. Sikuiona kengele.

Baadaye nilikwenda kwenye semina ya siku tatu. Niliambiwa dalili za usonji, nikaziandika daftarini. Nilirudi nikiwa najua jina la hali ile, lakini sikujua la kufanya.

Wazee watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu kiasi cha milioni 2 nchini Tanzania walikaa katika vikundi, kama mnavyokaa ninyi sasa, wakasikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu ya nyumba. Viongozi wa vikundi vile walifundishwa kwa muda mfupi, na kazi ilifanyika vizuri. Kwa nini? Kwa sababu choo ni choo. Shimo linalofaa nyumba ya fulani lafaa na nyumba ya jirani yake.

Lakini watoto wenye usonji hawafanani hivyo. Linalomtuliza huyu humuudhi yule. Mwalimu akipewa dawa moja ya kuwapa wote, atakosea. Yampasa afundishwe namna ya kutafuta yeye mwenyewe, kwa kila mtoto, na kujirekebisha akikosea. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa siku tatu. Hii ndiyo sababu ya mwalimu kwenda kusoma shahada ya kwanza, na wengine kuendelea na shahada ya pili.

Basi nilikwenda. Nilisoma shahada ya kwanza, kisha ya pili, zote katika elimu maalumu. Sasa nitawaeleza tulisoma nini, ili mjue kwamba shahada hiyo si karatasi ya kutundika ukutani.

Jambo la kwanza ni kutazama. Mnaweza kulicheka, kwa kuwa kila mtu ana macho. Sikilizeni yaliyonipata. Kwa zoezi la masomo yangu nilirudi Chole, nikaomba ruhusa kwa wazazi wa binti mmoja wa miaka saba. Baba yake ni fundi wa mashua, na mama yake husuka mikeka. Binti yule hakuwa akisema, na kila siku alitoroka darasani kwenda pwani. Nilikaa naye siku nzima, nikaandika katika daftari langu: "Mtoto ni mkaidi, hapendi shule." Nilipompelekea msimamizi wangu wa chuoni, alilikata neno mkaidi kwa wino mwekundu. Pembeni akaandika: "Hii ni hukumu. Uliona nini?"

Nilirudi tena Chole. Safari hii nilichora safu tatu katika kila ukurasa. Msimamizi wa darasa, tafadhali ziandike ubaoni. Safu ya kwanza: Kabla kulikuwa na nini? Safu ya pili: Mtoto alifanya nini? Safu ya tatu: Baadaye kulitokea nini?

Niliandika hivyo kwa wiki mbili. Mwisho wa wiki mbili daftari lenyewe lilinijibu. Binti yule hakutoroka asubuhi. Hakutoroka wakati wa kuandika. Alitoroka karibu kila siku saa ya mapumziko, watoto wote walipotoka kwa kishindo na kelele. Alikwenda pwani, akakaa chini ya mkoko, akawa kimya. Hakuwa akiikimbia shule. Alikuwa akizikimbia kelele.

Mnaona sasa tofauti ya kuangalia na kutazama? Kama ningalijua kuchora safu tatu zile katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, ningaliiona kengele.

Jambo la pili tulilosoma ni usalama. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Columbia, Marekani, waliandika kwamba watoto wenye usonji wako katika hatari kubwa mno ya kufa maji kupita watoto wengine. Wengi wao huvutwa na maji, na wengi huondoka bila ya kuaga. Ninyi wa Chole mwajua maana yake. Kisiwani kwetu bahari iko kila upande. Maji yakipwa, mtu huweza kwenda Juani kwa miguu. Yakijaa, njia ile ile inakuwa bahari. Mtoto asiyesema, aliye peke yake mchangani wakati maji yanajaa, hawezi kupiga ukelele wa kuomba msaada. Kwa hiyo daftari langu halikuwa la mtihani peke yake.

Jambo la tatu ni mawasiliano. Watu wengi hudhani mtoto asiyesema hana la kusema. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Andy Bondy na Lori Frost, walianza kuwafundisha watoto wa namna hii kuzungumza kwa picha. Mtoto akitaka kitu, huchukua picha ya kitu hicho akampa mtu mkononi. Sisi tulifanya hivyo hivyo Chole. Tulikata maboksi vipande vidogo, tukachora ubao, bakuli la uji, kikombe cha maji, mkeka, na nyumba.

Jambo la nne ni ratiba inayoonekana. Mwaka 1972 jimbo la North Carolina, Marekani, lilianzisha mpango wa kuwafundisha watu wenye usonji, chini ya uongozi wa Eric Schopler. Katika mpango huo kila kitu huwekwa mahali pake, na mtoto huonyeshwa kwa macho kitakachofuata. Mtoto anayeogopa mambo ya ghafula hutulia akijua yajayo. Kwa binti wetu tulizipanga picha kwenye kamba, kutoka juu kwenda chini. Ubao, kisha uji, kisha mkeka, kisha nyumbani. Kabla ya mapumziko mwalimu alimwonyesha picha ya mkeka, na binti akaenda kukaa kwenye mkeka wake nyuma ya darasa, mahali palipo kimya. Mama yake ndiye aliyeusuka, kwa ukili wa rangi ambazo binti anazipenda.

Jambo la tano ni kufanya kazi pamoja na wazazi. Schopler aliwahesabu wazazi kuwa wenzi wa mwalimu, naye alifanya hivyo wakati ambapo wengi walikuwa wakiwalaumu. Mimi nililiona jambo hili kwa macho yangu. Nilihangaika siku tatu nikitafuta namna ya kumketisha binti yule kwa robo saa. Mama yake akacheka, akaniambia, "Mwalimu, mpe ukili aushike mkononi." Nikampa, naye akakaa. Katika vitabu vyangu vyote halikuwamo neno hilo.

Jambo la sita ni kupima maneno ya vitabu kwa maisha yetu. Vitabu vingi juu ya usonji vimeandikwa Ulaya na Marekani. Vinasema dalili mojawapo ni mtoto kutomtazama mtu machoni. Lakini kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa wake. Mwalimu akifuata kitabu bila ya kufikiri, atawaita wenye usonji watoto waliolelewa vizuri tu. Katika shahada ya pili mwalimu hujifunza utafiti, yaani kuuliza swali, kukusanya habari kwa uaminifu, na kukubali jibu hata kama halimpendezi. Twahitaji walimu wetu wenyewe wafanye utafiti huo, kwa Kiswahili chetu na kwa desturi zetu.

Mwishoni mwa muhula ule, siku moja ya jua kali, binti alisimama, akaenda kwenye kamba, akachomoa picha ya kikombe, akaja akanitia mkononi. Hakusema neno. Lakini alikuwa ameomba maji. Baba yake alipoelezwa, aliweka tezo chini, akakaa kimya kitambo kizima.

Ndipo akaniambia jambo la ufundi wake, nami nawaletea. Alisema, "Mwalimu, taruma la mashua halichongwi kwa mti ulionyooka. Ukiupinda kwa nguvu utavunjika. Fundi huingia msituni kutafuta mti uliopinda wenyewe, akauangalia ulivyopinda, ndipo akajua utakaa wapi katika chombo. Mimi nilisoma kazi hii miaka mingi kwa baba yangu. Sikuisoma kwa siku tatu."

Baada ya hapo sikuwa na haja ya kumweleza kwa nini nilikaa chuoni miaka ile yote.

Sasa mtauliza, walimu wa namna hii husoma wapi? Hapa Tanzania elimu maalumu ilianza kwa wasioona, katika shule ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963. Watoto wenye usonji walichelewa kufikiriwa. Leo Chuo cha Ualimu cha Patandi, karibu na Arusha, huwafundisha walimu wa elimu maalumu. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, huwawezesha watu kusoma shahada hali wakiendelea na kazi zao. Kwa jirani zetu, Kenya ilianzisha taasisi yake ya elimu maalumu mwaka 1986, mjini Nairobi. Uganda ilikuwa na taasisi ya namna hiyo, nayo mwaka 2003 ikaunganishwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Lakini, ndugu zangu, tuseme kweli. Mtu wa Chole atafikaje huko? Huvuka kwa mashua mpaka Utende. Hupanda gari mpaka Kilindoni. Hupanda chombo tena mpaka Nyamisati, bara. Kisha ni basi mpaka Dar es Salaam, na kama anakwenda Patandi, ni basi jingine la siku nzima. Zamani Wajerumani waliweka makao ya utawala wao hapo Chole, kisha wakayahamishia Kilindoni. Tangu siku hizo kila jambo kubwa la serikali mtu wa Chole hulifuata ng'ambo ya maji.

Na ipo shida kubwa kuliko nauli. Mwalimu akipata shahada, mara nyingi harudi. Mji humvuta, au hupangiwa kazi nyingine ya kukaa ofisini. Mtoto aliyezoea sura yake na sauti yake huamka asubuhi asimwone. Kwa mtoto yeyote hilo ni huzuni. Kwa mtoto mwenye usonji, anayetegemea taratibu ile ile kila siku, ni kama nyumba kuondolewa nguzo. Mimi mwenyewe nilipomaliza zoezi langu ilinibidi niondoke Chole. Nilimwachia mwalimu wa darasa daftari langu, nikamfundisha zile safu tatu. Sikumwachia shahada yangu, kwa maana shahada haigawanyiki. Lakini nilimwachia namna ya kutazama. Miezi minne baadaye niliporudi kusalimu, kamba ilikuwa bado iko ukutani, na picha zimekuwa kumi na moja.

Kwa hiyo mwalimu aliyesoma sana ana deni. Deni lake ni kuwafundisha walimu wengine waliobaki. Kisiwa kikipata mwalimu mmoja mwenye shahada ya pili ambaye hana aliyemfundisha, siku atakayopanda mashua ataondoka na kila kitu. Akiwafundisha wenziwe watano, ataondoka na mzigo wake tu.

Na deni jingine ni letu sisi wanakijiji. Kwanza, tusiwafiche watoto hawa ndani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kusoma. Pili, katika mkutano wa kijiji na katika kamati ya shule tuulize bila ya woga: Je, shule yetu ina mwalimu aliyesomea elimu maalumu? Kama hayuko, tumeomba lini? Tatu, akija mwalimu huyo tumsaidie kupata nyumba ya kukaa, na tumweleze tunayoyajua. Mama ajue kwamba ukili mkononi ni elimu pia. Nne, tuwe macho. Kila mvuvi, kila fundi, na kila mama anayekwenda pwani ajue sura za watoto hawa. Ukimwona mmoja peke yake maji yakijaa, usimfokee. Mwendee polepole, umwonyeshe njia ya nyumbani.

Na la mwisho, ndugu zangu wa madarasa ya watu wazima. Watoto wenye usonji hukua, wakawa watu wazima wenye usonji. Huenda kijijini kwako yuko mmoja anayepita kila jioni mbele ya darasa lenu, akasimama dirishani, akatazama ubao. Mnamfukuza, au mnamwekea mkeka? Mimi nimekwisha kumwandikia msimamizi wa darasa la watu wazima la mji ule nilioutaja mwanzo. Nimemwomba aende gatini, amwendee mtu yule anayepanga matenga, aandike jina lake kwenye kipande cha boksi na ampe mkononi. Nimemwomba pia asigonge kengele.

Sasa zimeni redio, mzungumze.

Maswali ya mazungumzo

1. Mtoto akiitwa jina lake asiitike, jambo la kwanza la kufanya ni nini?

2. Mwalimu aliandika, "Mtoto ni mkaidi." Kwa nini msimamizi wake alilikata neno hilo?

3. Chora safu tatu katika daftari lako. Mtazame mtoto wako, au mjukuu wako, kwa siku moja, ujaze safu hizo. Usiandike hukumu. Andika ulichokiona.

4. Katika kijiji chenu, nani huwaangalia watoto wanaokwenda pwani peke yao? Mtagawanaje kazi hiyo?

5. Mwalimu mwenye elimu ya juu akija kijijini kwenu, mtafanya nini ili elimu yake ibaki hata akihamishwa?